Ardhi ya Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miamba, mabamba na tumbo la dunia

Maswali haya ni yale ambayo watu wa Tanga huuliza wakishajua kwamba unasoma mawe. Wanafunzi wa sekondari huyauliza, wanaopeleka wageni kwenye mapango ya Amboni huyauliza, na wavuvi na mafundi wa kuchimba visima vilevile. Wengi huanza kwa kusema kwamba jiolojia ni habari ya Arusha na Mbeya, kwenye volkano, na kwamba Tanga hakuna kitu. Sikubaliani hata kidogo. Mkoa huu mmoja una mizizi ya milima iliyokwishakwanguliwa, una mwamba uliotandikwa wakati Bahari ya Hindi inazaliwa, na una matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu. Vyote utaviona kwa safari ya siku moja ya basi.

Jiolojia ni elimu ya nini?

Ni elimu ya dunia yenyewe: imeundwa na nini, imepitia mambo gani, na bado inafanya nini chini ya miguu yetu. Madini ni sehemu yake tu.

Ndani ya dunia kuna nini?

Kutoka hapa juu hadi katikati kabisa ni kilometa 6,371. Tabaka la kwanza ni gamba. Chini ya mabara gamba lina unene wa kilometa 30 hadi 50, na hufika 70 chini ya milima mirefu sana. Chini ya bahari ni jembamba, kilometa 5 hadi 10 tu, lakini mwamba wake ni mzito zaidi. Chini ya gamba kuna mantili, mwamba unaoshuka hadi kina cha kilometa 2,900 hivi. Baada ya hapo ni kiini cha nje, ambacho ni chuma na nikeli vilivyoyeyuka, hadi kina cha kilometa 5,150. Katikati kabisa kuna kiini cha ndani. Nacho ni chuma, ila ni kigumu ingawa joto lake linapita nyuzi 5,000 za Selsiasi, kwa sababu mgandamizo wa huko haukipi nafasi ya kuyeyuka. Usumaku unaoelekeza dira za manahodha wetu unatokana na chuma kinachozunguka katika kiini cha nje.

Nani alishuka huko akaona?

Hakuna. Shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa kwenda chini liko rasi ya Kola, Urusi. Lilifika mita 12,262 mwaka 1989, na hapo hata gamba halijaisha.

Tunachokijua kimeletwa na matetemeko. Tetemeko kubwa hutoa mawimbi yanayopita ndani ya dunia nzima, na vituo vya kuyapima viko kila bara. Mawimbi ya aina ya P hupita kwenye kitu kigumu na kwenye kimiminika. Yale ya aina ya S hayapiti kwenye kimiminika kabisa. Ukiona upande mmoja wa dunia umetetemeka na upande wa pili mawimbi ya S hayafiki, ujue njiani yamekutana na kitu kilichoyeyuka. Mwaka 1906 Mwingereza Richard Dixon Oldham alitumia mawimbi ya namna hii kuonyesha kwamba dunia ina kiini. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Kroatia aliona mpaka kati ya gamba na mantili. Na mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanamama wa Denmark, akagundua kwamba ndani ya kile kiini mna kiini kingine. Aliyafikia hayo kwa kukaa na rekodi za matetemeko yaliyotokea mbali sana na kwao. Kwangu huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri kabisa katika sayansi yote.

Kama mantili ni mwamba mgumu, mabamba yanasogea juu ya nini?

Michoro mingi ya vitabuni huwapoteza watoto hapa, kwa kupaka mantili rangi nyekundu kama bahari ya moto. Mantili karibu yote ni mwamba mgumu. Ila joto lake ni kubwa kiasi kwamba, ukiupa muda mrefu, mwamba huo hujongea bila kuyeyuka. Sehemu yake ya juu kabisa ni ya baridi zaidi, imeshikamana na gamba, na imevunjika vipande vikubwa. Vipande hivyo ndivyo mabamba. Unene wake ni kilometa 100 hivi, na zaidi ya hapo chini ya mabara ya kale. Mwamba ulio chini yake ni laini zaidi, na hapo ndipo mabamba husogea, sentimeta chache kwa mwaka.

Kinachoyaendesha zaidi ni uzito wao. Bamba la chini ya bahari likizeeka hupoa na kuwa zito, hatimaye huzama chini ya bamba jirani na kulivuta lote lililobaki nyuma. Kule linakotoka, mabamba yanaachana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda kuziba nafasi. Kuna sehemu yanagongana, kama Himalaya, na kuna sehemu yanapitana ubavu kwa ubavu.

Habari hii ya mabara kusogea ilianza na nani?

Mjerumani Alfred Wegener aliitoa hadharani mwaka 1912. Alikuwa na ushahidi mwingi, wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) vilivyofanana pande mbili za bahari na wa miamba inayoungana ukiyasogeza mabara pamoja. Alichokosa ni nguvu ya kuyasogeza, na wataalamu wengi wakamkataa. Alifariki Greenland mwaka 1930 akiwa kazini, bado hajakubaliwa.

Kati ya wachache waliomsikiliza alikuwemo Arthur Holmes, Mwingereza aliyewahi kutafuta madini Msumbiji mwaka 1911. Yeye ndiye aliyesema kwamba mantili ngumu inaweza kujongea kwa joto. Yeye pia ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, ule ukanda mrefu wa miamba ya kale unaopita mashariki ya Afrika, na Usambara yetu imo ndani yake. Baadaye, katika miaka ya 1950, Marie Tharp alichora sakafu ya bahari na kuonyesha ufa katikati ya safu ya milima ya chini ya Atlantiki. Mwaka 1962 Harry Hess akaeleza kwamba sakafu ya bahari huzaliwa hapo na kutanuka. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha alama za usumaku zinazothibitisha hilo. Kufikia mwisho wa muongo ule ubishi mkubwa ulikuwa umekwisha.

Mbona Kilimanjaro ni volkano na Usambara si volkano, na zote ziko kaskazini mashariki?

Ni milima ya asili mbili tofauti kabisa. Kilimanjaro imejengwa na lava katika miaka milioni chache iliyopita, kwa hiyo ni kijana. Usambara ni mwamba wa kale uliochongwa ukabaki umesimama.

Ukipanda kutoka Mombo kuelekea Soni, tazama kingo za barabara zilizokatwa. Utaona mwamba wenye mistari, mweupe kwa mweusi, mahali pengine imepindwapindwa. Hiyo ni naisi. Chukua kipande kilichovunjika karibuni ukisogeze machoni: ule mweupe ni kwatzi na feldspa, mweusi ni maika au honeblendi, na mara nyingi utakuta punje nyekundu za milimita chache. Punje hizo ni ganeti. Mchanganyiko wa madini katika miamba ya Usambara unaonyesha kwamba ilipikwa kwenye kina cha kilometa 30 na zaidi, katika joto linalokaribia nyuzi 800, miaka milioni 640 hivi iliyopita. Wakati huo mabara ya kale yalikuwa yanagongana, na mgongano huo ndio ulioishia kuunda bara kubwa la Gondwana. Palikuwa na safu ya milima mirefu hapa. Milima hiyo imekwisha, na tunachotembea juu yake Lushoto na Amani ni mizizi yake.

Mtu mwenye kufikiri atauliza: mwamba wa kina cha kilometa 30 umefikaje juu? Fikiria jahazi linalopakuliwa shehena. Kila gunia likitoka, jahazi linapanda kidogo. Gamba la bara nalo linaelea juu ya mantili, kwa hiyo mvua na mito inapokwangua milima, gamba hupungukiwa mzigo na kuinuka, nalo likiinuka hukwanguliwa tena. Baadaye sana mipasuko iliinua Usambara na Upare, nchi jirani ikashuka. Ndiyo maana ukiwa Mombo unaona ukuta mbele yako, na ukifika juu unakuta nchi ya mabonde yenye mboga na baridi.

Mvua nyingi za huko juu nazo zimefanya kazi yao. Zimeosha miamba muda mrefu hadi zikaacha boksaiti, mawe yanayotolewa alumini, pale Magamba.

Mapango ya Amboni yalitokeaje?

Kwanza mwamba, kisha pango, na kati ya hayo mawili umepita muda mrefu sana.

Mwamba ni jiwe la chokaa la kipindi cha Jura, la zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Kabla ya hapo hapakuwa na bahari hapa. Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja, Gondwana, na Madagaska ilikuwa imebanana na pwani ya Afrika Mashariki upande wetu na wa Kenya na Somalia. Gondwana ilianza kunyooshwa na kupasuka. Kwa muda mrefu nyufa zile zilikuwa mabonde ya nchi kavu, yakijaa mchanga na tope la mito, na leo tunaviona kama mawe ya mchanga ya Karoo. Kisha ardhi ikashuka zaidi na bahari ikaingia. Ilikuwa ya kina kifupi, ya joto, yenye viumbe wengi wa magamba, na mabaki yao ya chokaa yakatandikwa tabaka juu ya tabaka. Madagaska ikaendelea kuteleza kwenda kusini hadi ikatulia ilipo, miaka milioni 120 hivi iliyopita.

Kwa hiyo ukuta wa pango unaougusa kwa kiganja ni tope la bahari changa, Bahari ya Hindi ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia. Natamani kila mtoto wa Tanga aambiwe hivyo kabla ya kuambiwa lingine lolote kuhusu Amboni.

Pango lenyewe limechongwa na maji. Mvua huchukua hewa ya kaboni angani na kwenye udongo, ikawa asidi dhaifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa kidogo kidogo kupitia nyufa. Mito Mkulumuzi na Zigi iko karibu, na maji ya chini yalipoteremka vyumba vikabaki vitupu. Tone linalobaki likining'inia darini huachia hewa yake, na chokaa lililobebwa humo huganda. Likiganda kwa kushuka kutoka juu ni stalaktiti, na likiinuka kutoka sakafuni ni stalagmiti. Usizishike, kwa sababu mafuta ya mkono huzuia chokaa kuganda tena mahali pale.

Ni kweli kwamba pango linafika Mombasa?

Hapana. Upimaji wa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Wanaokwenda kufanya matambiko wana heshima yao na pango lina historia yake, lakini njia ya kutembea hadi Mombasa haipo. Mapango haya yanajengwa na maji ya mahali pale pale, na mito inayoelekea baharini huyakata.

Na yale maji moto ya Galanos? Kuna volkano chini?

Hakuna. Kila ukishuka kilometa moja ndani ya gamba, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30. Maji ya mvua yakizama kina kirefu kupitia mpasuko hupata joto, na yakipata mpasuko mwingine hupanda yakiwa bado moto. Harufu ile ya yai viza ni ya gesi yenye salfa.

Jiwe la matumbawe la nyumba za kale ndilo hilo hilo la Amboni?

Yote mawili ni chokaa, lakini umri hauhusiani kabisa. Matumbawe tunayochimba nchi kavu karibu na bahari yalikuwa miamba hai miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, ikayaacha. Angalia kingo za pwani zilizolika kwa chini: ukisogea utaona umbo la tumbawe lenyewe, vijishimo vyake vikiwa kamili.

Mafundi wa kale walijua tofauti ambazo wengi leo hatuzioni. Kwa kuta walitumia hili la nchi kavu. Kwa mihrabu na nakshi walikata tumbawe laini kutoka baharini na kulichonga likiwa bado bichi, maana likikauka hugoma. Nenda kwenye msikiti na makaburi ya Tongoni ukalitazame. Chokaa cha kuunganishia walikipata kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri. Moto wa nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kaboni, na kinachobaki hutiwa maji. Ukutani, chokaa hurudisha hewa hiyo taratibu na kuwa jiwe tena.

Kiwanda cha saruji cha Pongwe nacho kipo pale kwa sababu ya jiwe la chokaa la kale.

Tanga kunaweza kutokea tetemeko kubwa?

Pwani yetu haiko kwenye mpaka ambapo bamba moja linazama chini ya lingine, na huko ndiko hutoka matetemeko makubwa kabisa. Lakini hakuna mahali Tanzania pasipotikisika kabisa. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, na watu wakatoka nje ya majengo. Bukoba mwaka 2016 lilikuwa la 5.9, likaua watu na kuangusha nyumba nyingi. Kinachoua mara nyingi ni nyumba yenyewe. Anayejenga ghorofa Tanga kwa nondo za kupunguza na zege lisilo na kipimo anacheza na roho za watu.

Na tsunami?

Ile ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1 na ilifika hadi kwetu baada ya saa kadhaa. Dar es Salaam watu walikufa maji. Ukiona maji yanakupwa ghafla saa ambayo si ya kupwa, wala si bamvua, usiende kuokota samaki. Panda juu, na wengine waite.

Bonde la Ufa litaikata Afrika? Tanga itabaki upande gani?

Upande wa mashariki, kwenye bamba la Somalia. Magharibi ni bamba la Nubia, na katikati, kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, kuna bamba dogo la Victoria. Tanzania inaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Piga hesabu kwa milimita 3: miaka milioni moja ni kilometa 3 tu.

Na si lazima imalizike kwa bahari. Zile nyufa za Karoo nilizozitaja, nyingine za bara zilikufa zikabaki mabonde yaliyojaa mchanga. Ule wa pwani ndio uliofaulu. Hivyo picha ya ufa wa Narok, Kenya, iliyosambazwa kwenye simu mwaka 2018 kwamba Afrika imeanza kukatika, isikutishe. Mvua kubwa ilikuwa imebomoa majivu laini ya volkano yaliyokuwa yameziba ufa wa zamani.

Bomba la mafuta linaishia Chongoleani. Ina maana Tanga kuna mafuta?

Mafuta yale ni ya Uganda, kutoka ukingo wa Ziwa Albert, na bomba lina urefu wa kilometa 1,443. Lakini jiolojia yake inapendeza: yametokana na mashapo (tope na mchanga uliotulia chini) ya ziwa lililo ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Ni mafuta yenye nta nyingi, yakipoa huganda, ndiyo sababu bomba lazima lipashwe joto njia nzima.

Vito vya Umba vinatoka wapi?

Kwenye mwamba uleule wa Ukanda wa Msumbiji, kaskazini mwa mkoa, na mto umevisomba na kuvitandaza changaraweni. Yakuti nyekundu na yakuti samawi ni madini ya aina moja, oksidi ya alumini. Kromiamu kidogo ikiingia jiwe huwa jekundu, chuma na titani vikiingia huwa la buluu, na Umba ina sifa ya kutoa rangi nyingi kuliko hizo.

Samaki silikanti ana uhusiano gani na haya?

Visukuku vyake vilijulikana kabla yeye mwenyewe hajaonekana akiwa hai, na ilidhaniwa alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga alianza kunaswa na majarife ya papa mwaka 2003. Anakaa kwenye miteremko mikali yenye mapango chini ya maji, na pwani yetu inayo, kwa sababu kati yetu na Pemba bahari inashuka hadi mita 800 hivi. Unguja ni tofauti: maji kati yake na bara ni ya kina kifupi, na bahari iliposhuka mita 120 enzi za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, ilikuwa imeungana na bara. Hifadhi ya silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009.

Kisiwa cha Maziwe kilizama kwa sababu ya mabamba?

Hapana, na nalijibu hili kwa uchungu. Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa kisiwa cha mchanga chenye mivinje, na kasa walitaga huko. Miti ikaisha, mizizi iliyoshika mchanga ikaisha nayo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kikawa fungu linalofunikwa maji yakijaa. Mchanga wa ufukweni si mali isiyoisha. Sehemu kubwa ya ule mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na tumbawe la kawaida hukua kama sentimeta moja kwa mwaka. Baruti moja ya mvuvi huvunja kazi ya miaka mingi kwa sekunde, na anayejaza lori kwa mchanga wa pwani anachukua kinga ya nyumba ya jirani yake.

Nina jiwe mkononi. Nianzie wapi kulitambua?

Livunje upate uso mpya, maana uso wa nje hudanganya. Livunjie mbali na macho, au uvae miwani. Tazama kama lina punje zilizoshikamana bila mpangilio (pengine ni mwamba moto), matabaka ya mchanga au magamba (mashapo), au mistari iliyobanwa (mwamba geu, kama wa Usambara). Likwaruze kwa kisu: kwatzi haikwaruziki, chokaa hukwaruzika. Kisha chukua unga wa pale ulipokwaruza, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, ni chokaa. Usichukue jiwe Amboni wala Tongoni, ni maeneo ya mambo ya kale. Ukiliokota kwingine, andika siku ile ile ulipolitoa, kijiji, na kama lilikuwa sehemu ya mwamba au limebingirika. Ukilipeleka kwa wataalamu, iwe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma au ofisi ya madini ya mkoa, hilo ndilo watakalokuuliza kwanza.